Vyumba Viwili Vinavyopakana

Tangu asubuhi Ġiża Farrugia hakutulia. Alipanga soksi za mwanawe sandukuni, akazipangua, akazipanga tena. Mwanawe ni Wistin, mwenye miaka sitini na sita, aliyezaliwa viungo vimekaza, na hajawahi kulala nyumba ambayo mama yake hayumo. Kwa wahamiaji wa Kimalta wa mtaa wa Saint Albans hilo si ajabu: mtoto asiyeoa ni wa mama mpaka mama afumbe macho. Lakini sasa kiuno cha Ġiża kilikuwa kimegoma, na nyumba ya wazee ilikuwa imempatia chumba. Tena chumba kilichopakana nacho kilikuwa wazi, na Wistin alikuwa na umri wa kupokelewa. Siku hiyo walikuwa wanakwenda kutia saini.

Akaingia Thuy, mama anayesimamia msaada anaoupata Wistin kutoka mfuko wa serikali wa watu wenye ulemavu.

"Mama Ġiża, hujasaini?"

"Bado. Kaa ule, pastizzi za jibini hizo, za moto."

"Nitakula. Kwanza nisikilize. Wistin akihamia kule moja kwa moja, anatoka kwenye mfuko wetu. Na kwa umri wake, harudi tena."

"Si serikali ni ile ile? Mfuko wa kushoto, mfuko wa kulia, suruali moja."

"Suruali moja, mama, lakini huu ukishashonwa haufunguliwi."

Wistin akajikakamua. "Na... bocci?" Kila Jumatano watu wa Thuy walimpeleka klabuni kurusha mipira.

"Kule kuna bingo," mama akamjibu.

"Bingo ni... ya wazee."

"Na wewe ni kijana? Jitazame!"

Wakaenda wote watatu. Msimamizi, Bronwyn, akawaonyesha vyumba viwili safi, ukuta mmoja katikati. Ġiża aliugusa ukuta ule, moyo ukamlainika. Angemsikia akikohoa. Kisha akauliza, "Asubuhi atanyanyuliwa na nani?"

"Anaamka mwenyewe, akishikwa mkono kidogo," Bronwyn akasema. "Ndivyo mkaguzi wa serikali alivyoona alipokuja kwenu."

Ġiża akahisi uso unawaka moto. Kumbe ni kazi ya mkono wake mwenyewe. Siku ile ya mkaguzi aliikokota mashine ya kumnyanyulia Wistin mpaka gereji, na kiti chake cha kuogea, akavifunika shuka. Mgeni haonyeshwi vitu vya namna hiyo. Akamvika mwanawe suti ya sikukuu ya mtakatifu, akamketisha mezani kabla kengele ya mlango haijalia, akasema, "Sisi hatusumbui mtu." Nanyi kina mama wenzangu, anayekuja kukagua si mgeni. Mwonyeshe kitanda kilicholowa. Mwonyeshe mgongo wako. Ukimwonyesha suti, mwanao atahudumiwa kama suti.

"Anaweza kukaguliwa upya akishaingia," Bronwyn akasema kwa upole.

"Akishaingia," Ġiża akarudia, akiukumbuka ule mfuko usiofunguliwa. Miguu ilikuwa haitulii. Aliufikia ukuta, akarudi mlangoni, akaufikia tena.

"Wistin," Thuy akauliza, "wewe unataka nini?"

"Anataka kuwa na ma..." Ġiża alikwisha kuanza. Thuy akamgusa bega. Akanyamaza, na kunyamaza kulimuuma kuliko kiuno. Wistin aliyatafuta maneno yake kwa muda mrefu, shingo imepinda.

"Nibaki... nyumbani. Wewe ingia, Ma."

"Nani atakupikia, we mtoto?"

"Watapika... vibaya. Nitazoea."

Bronwyn akacheka, Thuy akacheka, Ġiża hakucheka. Alitia saini ya chumba kimoja.

Siku ya kuhamia, Wistin alikuja kumsindikiza. Alimwachia busu la shavuni, lenye mate kama kawaida yake, kisha watu wa Thuy wakampandisha garini. Ġiża aliketi kitandani, akasimama, akaenda dirishani, akarudi, akaichukua simu.

"Thuy! Amefungwa koti? Upepo huo!"

"Mama Ġiża, hata getini hatujafika."

"Basi mfungeni. Na asile haraka haraka, hupaliwa. Thuy?"

"Naam, mama."

"Mpe simu." Akasikiliza ile pumzi nzito anayoijua, na safari hii akangoja mwanawe aanze kusema.