Jiwe la Nyuma ya Tairi

Haya ni kweli tupu, hayajatiwa hata punje ya chumvi. Juzi nilipoyasimulia dukani kwa Hasna niliapa mbele ya watu wote: likipatikana neno moja la uongo, jogoo wangu mwekundu achukuliwe huku naangalia.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa waliporuhusiwa kuingia Mbinga, kila mmoja na mizani yake. Mimi niliendesha Landrova ya Abdulmajid, mmoja wa wanunuzi hao. Siku moja nilitoka Mbamba Bay bila kahawa; nilimbeba Luisa, uchungu umemshika, mtoto amekaa vibaya. Mkunga alikuwa amesema ni hospitali ya Mbinga au kaburi. Mumewe, Xavery, alikaa nyuma akisali.

Katikati ya mlima difu, ile gia ya nyuma inayozungusha matairi, ikaanza kulia. Kwanza kama mbuzi, halafu kama mbuzi anayechinjwa. Beringi zimekwisha. Tukiendelea, meno ya difu yangesagika na gari lisingesogea tena, na gari jingine halikuwepo. Nyuma yetu korongo, chini kabisa ziwa.

"Dereva, utachukua muda?" Luisa aliuliza, ameng'ang'ania dashibodi.

"Kidogo tu, dada."

"Fanya haraka. Huyu hasubiri spana zako."

Nikavuta hendibreki, nikashuka, nikaweka jiwe nyuma ya tairi. Beringi mpya zilikuwa chini ya kiti. Dereva wa barabara ile hatembei bila hizo. Nikafungua boliti za haba, pale katikati ya gurudumu, nikachomoa shafti ya kulia, ule mtaimbo unaotoka kwenye difu hadi tairi, inachuruzika oili. Nikachomoa ya kushoto. Nikaitoa difu, nikaipakata pembeni mwa barabara. Beringi za zamani zikagoma kutoka.

"Xavery, lete jiwe nigongee!"

Xavery, kwa hofu, akachukua la karibu. Lile la nyuma ya tairi.

Gari likaanza kurudi nyuma, polepole, kama mtu anayetoka kanisani mahubiri hayajaisha. Luisa yumo ndani! Nilitupa difu, nikakimbia, nikalipita gari, nikarukia dirishani na kuvuta hendibreki kwa meno. Likasimama, tairi moja linaning'inia hewani. Niliona samaki ziwani wakinitazama.

Hapo dukani watu wakapiga makofi. Halafu sauti ikatoka nyuma ya magunia.

"Shikamoo, Mzee Egidi."

Luisa mwenyewe! Amefuata mafuta ya taa.

"Marahaba, mama," nikasema.

"Kwa meno, baba? Si umesema hendibreki uliivuta kabla ya kushuka? Ulivuta nini tena?"

Hendibreki ya Landrova ile hushika propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, na shafti zikishatoka haizuii tairi lolote, hata uivute vipi.

"Nilipoona miti inakwenda mbele," Luisa akawaambia watu, "nilijivuta mpaka kwenye kiti chake, nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Tumbo hili, usukani huu! Xavery akarudisha jiwe. Huyu alikuwa amesimama na spana yake, anamwita mama yake."

"Lakini difu niliifunga," nikajitetea. "Na Flavia wako akazaliwa mzima."

"Hilo kweli, na Mungu akubariki. Jogoo yuko wapi?"

Duka zima likanisindikiza hadi bandani. Nikamkamata, nikamfunga miguu mwenyewe. Luisa akampokea, akamgeuzageuza, akaniuliza kama na huyu nimemkamata kwa meno.