Nchi ya Tumeshayamaliza

Wapo watu wanaoota wamekabidhiwa funguo za gari. Mimi, ndugu zangu, Jumamosi iliyopita niliota nimepelekwa katika nchi ambayo hata jogoo wake huomba kibali kabla ya kuwika. Chanzo ni Mwinjilisti Ambakisye. Asubuhi, kwaya ikiwa mazoezini, alinivuta pembeni mimi mpiga ngoma wao, mkono begani, sauti imelowa asali. Kesho yake wakubwa wa Misheni ya Kisima cha Neema walikuwa wanakuja kanisani kwetu kwa Ibada ya Maridhiano, kwa ajili ya yale ya zamani katika bweni la misheni, ambako mlezi aliyeitwa Baba wa Bweni aliwaharibu watoto aliopewa awalee. Mama yangu mdogo, Tusekile, alikuwa mmoja wa watoto hao, na ameomba kushuhudia. "Atasema tu kwamba amesamehe," akaninong'oneza Mwinjilisti. "Akivuka hapo, kijana wangu, wewe gonga ngoma, kwaya idake pambio. Si unajua namna ya kumkata mtu kiroho?"

Najua sana. Kwetu mzee akisimama kushuhudia jinsi Bwana alivyomrudishia mbuzi wake, akaanza kueleza rangi ya mbuzi, na tabia za mbuzi, na ukoo wa mbuzi upande wa mama, mpiga ngoma hugonga, kwaya huinuka, watu hupiga makofi, na mzee hukaa akicheka. Hakuna anayenuna. Lakini mama mdogo hakupoteza mbuzi. Mdomo wangu, kwa mazoea tu, ukajibu "Amina". Moyo ukabaki unaniuliza amina ya nini. Nikarudi nyumbani mzito kama gunia la chumvi lililonyeshewa, nikajitupa mkekani barazani, jua la alasiri likiniangalia usoni, na usingizi ukanichukua bila hata kubisha hodi.

Nikajiona mbele ya lango jeupe linaloumiza macho, limeandikwa juu NCHI YA TUMESHAYAMALIZA. Langoni ameketi mama mnene mwenye uso wa huruma, pamba imejaa masikio yote mawili, na jina lake ni Bibi Tumesikia. "Shikamoo, bibi," nikasema. "Tumesikia," akajibu, "na tumeguswa sana." Nikamwambia namtafuta mtu wa kunieleza habari za bweni. "Tumesikia. Tunasikitika pamoja nawe." Mimi mdomo wangu haujui kutulia, nikamjaribu: "Bibi, kanga yako inaungua kwa nyuma." Akafuta chozi moja lililokaa tayari kwa kazi hiyo, akasema, "Tumesikia, na tunalaani vikali." Na kanga, wallahi, ilikuwa inaungua kweli.

Hapo akaja mwanamke mrefu, mkavu, viganja vyake vimechubuka kwa kamba. "Mwache huyo," akasema, "hata ungemwimbia tanzia yake mwenyewe angekushukuru kwa maoni. Mimi ni Subira." Nikacheka. "Wewe ndiye yule anayevuta heri?" Hakucheka. "Ndiye mimi. Kila aliyeumizwa katika nchi hii akija kulia, wanamtuma kwangu. Uwe na subira, wanasema, kisha wao wanakwenda kunywa chai. Nimevuta mpaka kamba imenila mikono, na ng'ambo ya pili sikuona heri iliyofungwa, niliona wao wameikalia. Mwanangu, subira ni ya mtu anayengoja mvua. Anayemngoja mwizi arudishe mali kwa hiari yake, huyo hana subira, amefanywa mjinga."

Akanipitisha hadi ua wa Bwana Sifa-Njema, jitu refu kama mnara, amevaa kanzu nyeupe, na watu wamemzunguka wanaifua kanzu ikiwa bado mwilini mwake. Maji machafu yaliteremka mfereji mmoja kwenda bondeni, na bondeni, niliona kwa macho yangu, ndiko watoto walikokuwa wanakinga vikombe. Mguuni pake amefungwa kwa utepe mwekundu mtoto mdogo, mwembamba, amechorwa tabasamu kwa rangi. Kila mgeni alipoingia, Sifa-Njema alivuta utepe, mtoto akainama na kusema, "Nimesamehe." Nikauliza, "Huyu ni nani?" Subira akanijibu taratibu, lakini kila neno lilikuwa na meno: "Huyo ni Msamaha. Wamezaliwa wanne, mama yao mmoja. Kifunguamimba ni Ukweli, anayemfuata ni Toba, kisha Haki, ndipo akazaliwa huyu. Wakubwa zake wote wamefungiwa nje ya ukuta, huyu wamemfanya mpokea wageni. Wewe umeona wapi kitindamimba akatangulia kuzaliwa?"

Sifa-Njema akatuona. "Vijana," akanguruma kwa upole, "zipo zahanati, zipo shule, ipo kazi ya Mungu. Mnataka ichafuke kwa mambo ya zamani?" Subira akamtazama juu mpaka chini. "Waliposema wakiwa wadogo, uliwaambia ni utoto. Waliposema wakiwa wakubwa, unawaambia ni zamani. Ile siku ya katikati, ambayo wangesema ukawasikiliza, ilikuwa lini, bwana mkubwa?" Jitu likageukia wafuaji likasema kola haijatakata.

Tukafika ukutani. Hapo kwaya nzima ilikuwa imepangwa, na mbele yake mwalimu aliyevaa nadhifu, Bwana Funika-Kombe, fimbo ya kuongozea mkononi. Nikamwambia, "Mwalimu, methali naijua, funika kombe mwanaharamu apite. Hebu nijulishe, ameshapita?" Akashusha sauti. "Kupita hakupita. Tulimhamishia kituo kingine, na akija huku tunampa chumba cha wageni." "Na kombe?" "Bado tumefunika." Nikataka kumrukia. Subira akanishika shati, akanionyesha chini ya ukuta: watoto wamesimama, sare za bweni, na mmoja wao, mwenye nywele zilizosukwa mabutu, nilimjua kwa ule utosi na yale macho. Alikuwa mama mdogo Tusekile, mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho. Akafungua kinywa. Akasema, "Usiku ule Baba wa Bweni—" na ngoma ikalia, kwaya ikainuka, ukuta mzima ukapiga makofi, haleluya kila upande, na sauti ya mtoto ikazama kama punje kisimani. Akaanza tena. Ngoma tena. Nikapiga kelele, "Nani huyo anapiga? Laana gani hiyo? Mnyang'anyeni!" Watu wote wakanigeukia. Nikatazama chini. Ngoma ilikuwa mapajani mwangu. "Subira, nishike mikono!" Akatikisa kichwa. "Mimi huwashika wanaoumia. Mikono inayopiga, mwenye nayo huishika mwenyewe."

Nikaishika kwa nguvu zangu zote, na kwa nguvu hizo nikaamka, vidole vimefumbatana, jua bado liko juu ya migomba. Basi hapo ndipo nilipoelewa, wala hakuhitajika mfasiri wa ndoto. Ile nchi haiko mbali. Haijengwi na jitu wala na bibi mwenye pamba. Inajengwa na watu wema wenye vipaji, kila mmoja akifanya kidogo alichoombwa, mmoja akifua, mmoja akiimba, mmoja akisema amina.

Mama mdogo alikuwa jikoni, anamenya ndizi. Nikamweleza yote, maneno ya Mwinjilisti na jibu langu. Kisu hakikusimama. "Nilijua watamtafuta mtu," akasema. "Sikujua watakupata wewe."

"Hawakunipata, mama. Nitakwenda kumwambia jioni hii hii, mikono yangu simpi. Na akimpata mwingine, nitakaa naye benchi moja, tuone hiyo ngoma italiaje."

Akatafuta kicheko, hakukipata. "Unajua, baba, nimeanza kuyasema haya kanisani mara nyingi. Kila nikifika pale, wanaanza makofi. Mwisho wake hata mimi sijawahi kuusikia."

Akaweka kisu chini, akafuta mikono, akaketi kwenye kigoda. Nikafunga mlango wa jikoni, nikakaa sakafuni. Akaanza tangu mwanzo, akafika pale, akanyamaza kidogo kama anayesubiri kitu.

Hakikuja. Akaendelea.