Kiti cha Mbele cha Kabati

Gari letu tulilichagua watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyefungua boneti. Mkwe wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alizunguka yadi nzima ya magari na daftari mkononi akigawanya kilomita kwa miaka. Binti yangu alifungua na kufunga milango ya nyuma, akitafuta ule ambao mtoto hawezi kuufungua gari likiwa linakwenda. Mke wangu aliingia kiti cha mbele cha kila gari, akakaa, akashusha pumzi, akatoka.

"Hili linanikalisha kama nasubiri sindano," alisema. Na la pili: "Hili mimi nimo ndani, magoti yangu yako nje."

Na mimi? Mimi nimeshona viti vya magari miaka thelathini na minane. Nilipita nikibonyeza viti kwa dole gumba. Kiti kizuri ukikibonyeza kinarudi taratibu, kama mtu mwenye adabu zake. Tulipofika kwenye gari moja refu la kijivu, pembe nne kama sanduku, viti vyote vikarudi kwa adabu. Nikasema ni hili hili. Dalali alifurahi kuliko ilivyostahili, na hapo ndipo ningeshtuka, lakini nilikuwa nimeshainama kutazama mshono wa chini. Uzi mara mbili, kazi safi.

Giaboksi ilikuwa nusu maiti. Gia ya tatu ilikuwa inaingia ikipenda, kwa hiyo tukazoea kutoka ya pili kwenda ya nne, kama mtoto aliyerushwa darasa.

"Mzee, ina maana ulikagua viti tu?" Mwalimu aliniuliza.

"Na wewe ulikagua nini? Kugawanya?"

Mke wangu alicheka mpaka akashika dashibodi. Wajukuu wakaliita gari Kabati, jina likakaa. Mimi sikujilaumu. Wenye madaraka wangekuwa wanakagua magari pale yanapoingia nchini, badala ya kutukagua sisi mifukoni, dalali yule angepata wapi la kutuuzia?

Mwaka wa pili mke wangu akaanza kuumwa nyonga. Barabara yetu ni mashimo matupu hadi kwa diwani, halafu mita mia mbili za lami mbele ya geti lake, halafu mashimo tena. Kila shimo mke wangu alisema "aa!" Tukifika kwa diwani, ananyamaza. Tukimpita diwani, "aa!" Nikaona haiwezekani. Nikang'oa kiti chake nikakishona upya: springi mpya, sponji ngumu chini na laini juu, na mbavu mbili pembeni za kumshika asiyumbe kwenye kona.

"Hunipimi?" aliniuliza.

"Nikupime wewe? Nakujua kama kiganja changu."

Nikakata kwa macho.

Alipokaa mara ya kwanza alijisogeza kidogo, kisha akasema, "Mume wangu, hiki sasa ni kiti cha malkia." Akawatangazia majirani. Akawaleta wenzake wa kikundi wakitazame, wakakishika-shika. Na ile "aa!" sikuisikia tena, si kwenye shimo dogo wala kubwa. Kila safari alikunja mtandio wake mara nne akautandika kabla hajakaa. Nilijua anatunza kitambaa. Moyoni nikasema, huyu ndiye mwanamke anayejua thamani ya kazi ya mtu.

Alifariki mwaka jana, mwezi wa nne. Sitaki kuyasema sana. Nitasema tu kwamba hospitali ilikuwa na mashine, mashine ilikuwa na chumba chake, chumba kilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa semina. Semina ya kuboresha huduma.

Tangu siku hiyo kile kiti hakikukaliwa. Nilikifunga mkanda nikakiacha. Mimi naendesha, na nyuma wanakaa binti yangu, Mwalimu na wajukuu watatu, watu watano kwenye nafasi ya watatu. Mdogo anakaa juu ya mama yake. Wa kati anakaa kwenye buti na stepni.

"Babu, kwa nini nisikae mbele?" mkubwa aliniuliza.

"Pana mtu."

"Hapana mtu, babu. Natazama."

"Basi tazama dirishani."

Binti yangu alivumilia miezi. Jumapili moja akachoka. "Baba, tumebanana kama karanga kwenye ganda, na kiti kizima kinasafiri peke yake. Tena kimefungwa mkanda! Mwanangu huku nyuma hana mkanda, kiti kinao!"

"Ukichukua viti vitano," Mwalimu akaanza, "ukatoa kimoja, halafu ukagawa kwa..."

"Mwalimu, hapa si darasani."

Ndipo wakubwa wakaleta sheria yao mpya: kila gari lililopita miaka kumi lipelekwe ukaguzi, lisipopata muhuri lisionekane barabarani. Barabara zenyewe hakuna anayezikagua, lakini hayo tuyaache. Binti yangu akaja nyumbani kwangu, akakaa mkao wa mtu mwenye neno.

"Baba, likifaulu ukaguzi, sisemi tena juu ya kile kiti mpaka nife. Likianguka, tunaliuza. Mwalimu ameshapata mtu."

"Mtu gani?"

"Ananunua ya kuvunjavunja. Anauza kipande kimoja kimoja."

Nikaelewa. Taa kwa huyu, mlango kwa yule, na kiti cha mke wangu kwenye gari la mtu nisiyemjua, anakikalia huku anakula mahindi.

"Wewe ndiye umelitaka hili?" nikamuuliza.

"Sijataka, baba. Watoto wanakua."

Siku ya ukaguzi tulikwenda wawili, mimi na yeye. Yeye alikaa nyuma, kama abiria wa teksi. Kituoni tulikuta foleni ya magari mpaka nje ya geti, na benchi moja la miguu mitatu kwa ajili yetu wananchi. Mkaguzi alikuwa chai. Aliporudi, ni mtu mrefu, shingo kama bomba la maji, koti la buluu, ubao wa kuandikia kwapani. Alipiga magurudumu teke, akawasha taa, akapiga honi, akavuta waipa. Kila kitu akaweka tiki. Sikuamini macho yangu.

"Haya mzee, twende barabarani. Wewe endesha," akasema, na mkono wake ukashika mlango wa mbele, ule ule.

"Hapo hapakaliwi."

"Pana nini? Ugonjwa?"

"Kaa nyuma."

"Mkaguzi hakai nyuma, mzee. Mimi si bibi harusi."

"Basi tembea pembeni, nitaendesha polepole."

Foleni nzima ikacheka. Dereva mmoja wa lori akapaza sauti, "Afande, tazama chini ya kiti! Mzee ana lake hapo!"

Mkaguzi hakucheka. "Nisipoingia naandika halijajaribiwa. Halijajaribiwa na limeanguka ni ndugu wa tumbo moja."

Binti yangu akashuka, akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Ni kiti cha mama. Tulimzika mwaka jana."

Mkaguzi akashusha ule ubao. Akanitazama kwa huruma, na mimi sikuipenda hata kidogo. Nilikuwa nimeshamchukia vizuri, sasa anataka kuniharibia.

"Basi hivi," akasema. "Mimi nitaendesha. Wewe mzee kaa hapo. Sheria inataka tuwe wawili mbele, haikusema nani akae wapi."

Nikazunguka, nikafungua mkanda, nikaingia kwenye kiti cha mke wangu. Sikuwahi kukikalia tangu nikitengeneze. Fundi anakishona kiti kwa magoti na dole gumba, nani alikuwa na muda wa kukaa?

Kitu cha kwanza: zile mbavu. Zilinikamata pande zote mbili kama askari wawili, na mimi ni mwembamba, mke wangu alikuwa mwanamke wa kutosha. Nikajiuliza nilipata wapi kipimo kile. Halafu nikakumbuka. Nilikata kwa macho, na macho yangu yalikuwa bado yanamwona msichana niliyemwoa.

Mkaguzi akaondoa gari. Ya kwanza, ya pili.

"Ya tatu iko wapi?"

"Iruke."

"Niirukeje?"

"Kama mnavyoturuka sisi."

Akasukuma gia, na ya tatu ikaingia, laini, bila hata kukoroma. Miaka yote ilinigomea mimi, siku hiyo ikaingia kwa afisa. Hata gari linajua kujipendekeza.

Tukaingia shimo la kwanza. Springi ya kushoto ikanichoma mahali ambapo sitapataja.

"Aa!" nikasema.

Shimo la pili. "Aa!" Nilipoinama kutafuta pa kujishikilia, nikaona zulia la miguuni. Mbele ya mguu wa kulia palikuwa na tundu, limelika mpaka bati. Nilikaa nikilitazama mpaka nikaelewa: mama wa watu alikuwa anakanyaga breki. Miaka miwili mimi naendesha, na yeye anakanyaga breki isiyokuwepo, anachomwa na springi, amekalia mtandio, na anawaambia majirani kiti cha malkia.

Tuliporudi kituoni mkaguzi akazima gari. Binti yangu alikuwa anasubiri penye benchi, mikono kifuani.

"Injini nzuri. Breki nzuri. Gia nzuri," mkaguzi akasema, na mimi nikanyamaza kuhusu gia. "Imebaki moja. Kiti cha mbele cha abiria. Mimi sikukikalia, umekikalia wewe. Kikoje? Sema kizuri nigonge muhuri, foleni ni ndefu."

Neno moja tu. Ningelisema, Kabati lingekuwa langu na binti yangu angefunga mdomo wake, kama alivyoahidi. Tena mke wangu alilisema neno hilo hilo miaka miwili bila kupepesa. Lakini mimi maisha yangu yote nawatukana wakubwa kwa kupitisha vibovu. Na sehemu niliyochomwa ilikuwa bado inawaka moto.

"Andika kibovu," nikasema.

"Unasema?"

"Springi imechomoza. Mbavu zinabana. Aliyekishona hakumpima mwenye kiti."

"Fundi gani huyo, tumwonye?"

"Umeshamwonya. Umekaa naye nusu saa."

Mkaguzi alinitazama, akaandika: kiti kirekebishwe, gari lirudishwe ndani ya siku saba. Binti yangu alipoisoma ile karatasi alishika kichwa.

"Baba! Umeliangusha mwenyewe?"

"Limepewa siku saba. Yule mtu wenu wa kuvunjavunja mwambieni asubiri."

Siku hiyo hiyo nikaking'oa kiti nikakiweka uani, nikakipindua. Chini, upande wa kushoto, nikakuta mshono ambao si wangu. Uzi wa kushonea vifungo, umepindapinda kama njia ya mlevi. Nikaukata. Ndani, mlikuwa na soksi zangu. Pea tatu, zimekunjwa vizuri, zimeshindiliwa juu ya ile springi, nayo ilikuwa imeshazitoboa. Aliona bora anitilie kiraka kimyakimya kuliko kuniambia nimeharibu. Nilikaa chini pale uani na zile soksi mapajani. Nilitafuta wa kumlaumu. Wanaoagiza sponji mbovu, nikaanza. Sikufika mbali.

Binti yangu alinikuta hapo.

"Njoo nikupime," nikamwambia.

"Mimi? Cha nini?"

"Kuna mwingine anayekaa mbele?"

Akasimama wima, mikono pembeni, kama anapimwa gauni.

"Kaa, mwanangu. Mtu wa kiti hapimwi amesimama."

Nilimpima kwa futi, mara mbili, Mwalimu akiandika na kunisahihisha sentimita. Nikashona siku nne. Siku ya tano nikakifunga mahali pake, nikampandisha, tukaenda mpaka mwisho wa barabara tukarudi, mashimo yote.

"Kikoje?"

"Kizuri, baba."

"Usinifanyie hivyo. Amenifanyia mama yako, inatosha."

Akajigeuza kidogo. "Kinanichoma hapa."

"Wapi hasa? Weka kidole."

Akaweka. Nikashusha kiti garini, nikakirekebisha. Jioni hiyo akasema mgongo umeinuka mno. Kesho yake akasema sasa mgongo sawa, ila miguu inaning'inia, na kwa nini kuna harufu ya gundi, na yule fundi mwingine wa mtaa wa pili hivi viti anavishona siku moja. Tangu msiba sijasikia maneno matamu kiasi hicho. Nilishusha kiti mara nne.

Siku ya saba tulikwenda familia nzima, binti yangu mbele, wajukuu watatu nyuma na baba yao, buti ina stepni peke yake. Foleni ilikuwa ile ile, mkaguzi alikuwa chai ile ile. Tulisubiri juani saa mbili. Mwisho akatufikia, akainamisha ile shingo yake dirishani.

"Ehe, mzee. Kiti kikoje leo?"

Nikaweka kidole mdomoni. Akatazama upande wa pili: binti yangu kalala fofofo, mdomo wazi, mkanda kifuani, kiatu kimoja kimemvuka. Mkaguzi akaandika. Ile karatasi hakuiweka juu ya boneti. Aliilaza pajani mwake, akabonyeza muhuri taratibu, bila kuugonga.