Vyuma vya Mshazari

Mwaka wa tisini na mbili, Musembi, mpiga besi wa bendi moja ya Zombe, alikuja karakanani kwangu kuchukua gitaa la besi alilokuwa ameagiza. Aliangalia vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa chini ya nyuzi, kisha akauliza, "Fundi Ndululu, hivi vyuma vimepinda ama ni macho yangu?"

"Nimevilaza mshazari makusudi," nikamwambia. "Vimetanuka kama vidole vyako ukifungua mkono. Uzi mnene unataka urefu ndio ukazike vizuri. Mwembamba hautaki."

"Watu watanicheka. Vinyooshe."

Mimi hubishana na mteja mara moja tu. Nilimwekea gitaa mapajani, nikachomeka waya kwenye amplifaya, nikarudi kupiga randa mlango wa mtu.

Alipiga uzi mnene. Kwenye gitaa lake la zamani, la kununua dukani, uzi kama huo ulikuwa umelegea, ukikoroma. Huu ulitoa sauti moja nzito, safi, misumari ikatetemeka ndani ya kopo. Akalibeba, akaenda nalo.

Jumatatu alirudi na lile la dukani.

"Fundi, na hili nipindie vyuma."

"Hilo lilishanyooshwa kiwandani," nikamwambia bila kuacha randa. "Halina dawa."