Mgeni wa Avenue ya Chini

Asubuhi ya Jumanne Cyprien, fundi wa redio, alimaliza kuzungusha waya wa umeme kwenye kiwanja cha Sharifa huko Kimanga. Aliunganisha batri ya pikipiki na pano ya kuvuta jua juu ya bati, na waya ukaanza kulia tk, tk. Ndani walibaki kuku kumi na wawili. Sharifa alikuwa amewatenga kwa ajili ya binti yake Sofia, mwenye mimba ya miezi minane. Uzazi wa kwanza Sofia alipoteza damu nyingi, na mtoto akazikwa. Safari hii muuguzi alisema wazi: bila mchuzi wa kuku katika zile siku arobaini, hatasimama.

Kuku wanne mamba alikuwa ameshawala. Tangu ziwa lilipopanda na kuifunika avenue ya chini, walikokuwa wakiishi zamani, alikuwa anapitia mtaroni.

Jioni ile aligusa waya kwa pua. Jirani Generose, ambaye hapitwi na jambo, aliusimulia mtaa mzima jinsi mamba alivyorudi kinyumenyume, mkia ukipiga masufuria ya watu.

Kesho yake, saa sita mchana, mamba akaja tena. Alikuwa amejiosha matope. Akasimama nje ya waya, akasema, "Hodi."

"Nani?"

"Ni minye, mama. Jirani wa ku chini. Niko naikala mu nyumba yenu ya zamani."

Hapo mambo yakabadilika. Mwizi ni mwizi, lakini aliyebisha hodi ni mgeni, na kwa kina Sharifa, tangu mababu walioleta chumvi na nguo upande huu wa ziwa, hakuna mgeni aliyeondoka bila kuchinjiwa. Sharifa akakata kuranti ya waya, akatandika mkeka.

"Kabati yangu ya buluu ingali?"

"Iko, mama. Batoto ba samaki banalalaka mule."

Sharifa alifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Na weye, nani alikupa ile nyumba?" Generose akauliza. "Siye wenye maji ilifukuza tuko mu liste ya viwanja vya Kiringye, mwaka ya ine hii!"

Mamba alichomoa karatasi kwapani, imefungwa kwenye plastiki. Cyprien, aliyerudi kukagua waya wake, akaisoma: namba ya kiwanja, jina, mihuri mitatu. Haikuwa na kosa.

"Ya kwetu haikukuwa na muhuri hata moja," Generose akasema, kisha akamwomba mgeni amwangalizie kama mlango wake ungali umefungwa.

Mamba alikula kuku, akaacha miguu tu, kwa adabu, akashukuru.

Ikawa kila baada ya siku moja. Kiwanja kilijaa. Huyu aliulizia jiko lake, yule kaburi la baba yake. Mamba aliwajibu wote, mmoja mmoja. Katika ile ofisi ya liste hakuna aliyewahi kuwajibu hivyo.

"Mama, kuku ziko zinaisha," Sofia akasema.

"Mugeni hafukuzwi, mwanangu."

"Basi ukuwe kiziwi siku moja tu."

Sharifa alijaribu. Alikaa ndani, waya ukilia, mamba akibisha taratibu. Hodi ya tatu majirani walianza kuutazama mlango, kisha wakatazamana. Sharifa akatoka, akakata kuranti.

Sofia alijifungua Ijumaa, mtoto wa kike, na damu ikatoka kama ile ya kwanza. Kuku wa mwisho alikuwa ameliwa Alhamisi. Sharifa alichemsha ile miguu miwili kwa chumvi, Sofia akanywa. Zikabaki siku thelathini na tisa. Nje waya ulikuwa unalia tk, tk kuzunguka banda tupu.

Saa sita mchana ikapigwa hodi. Mamba alisema amesikia kuna mtoto, amekuja kumpongeza mama. Alikuwa ameshika mdomoni kishikio cha kabati la buluu, zawadi ya mtoto.

Sharifa alimtazama Sofia. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Kisha akainuka, akakata kuranti, akautafuta mkeka.

Majirani walikuwa wameshafika na viti vyao.