Ukuta wa Kupigiwa Picha

Vijana wa kaunti walipoipulizia dawa nyumba ya Celestine, karibu na Suneka, walimwonya jambo moja tu, tena mara mbili: asizipake kuta udongo kwa miezi sita, ili mbu akitua pale afe. Celestine aliitikia kwa moyo wote. Mkamwana wake, Linda, alikuwa na mimba ya miezi mitano, na ile ya kwanza iliharibiwa na malaria.

Wiki ya pili akaja Ombui, mtu wa ofisi ya wadi, viatu vikimetameta kana kwamba Suneka haina matope. Waheshimiwa wangekuja kuzindua vita dhidi ya mbu, na nyumba iliyochaguliwa kupigwa picha ilikuwa ya Celestine. Ila kuta zilijaa michirizi myeupe ya dawa. Mgeni wa heshima angesimamishwa mbele ya uchafu ule? Celestine akauliza habari ya miezi sita.

"Mama, hiyo dawa ilishaingia ndani ya ukuta," Ombui akasema. "Wewe paka tu."

Na kusema kweli, Celestine alitaka kuambiwa hivyo. Hakuwahi kupokea mgeni kwenye ukuta mchafu, na majirani wana midomo. Akachanganya udongo na samadi, akasiriba sebule na chumba cha Linda mpaka kuta zikawa laini. Waheshimiwa walikaa dakika kumi, wakasifu usafi, wakala ndizi zake, wakaenda zao.

Baada ya mwezi Linda alianza kutetemeka kwa homa. Walipofika hospitali, mtoto alikuwa ameshafia tumboni.

Muuguzi akauliza kama nyumba yao ilipuliziwa dawa. Linda akasema ndiyo. Basi, akasema muuguzi, mbu hakumkuta nyumbani. Akamsuta mbele ya wodi nzima: wasichana wa siku hizi huzurura usiku na mimba zao, kisha serikali inalaumiwa.

Linda hakuwa na nguvu ya kujitetea. Akamgeukia mama mkwe wake, aliyejua vizuri kwamba tangu mvua zianze Linda hakuwa ametoka nje jua likishazama.

Celestine alijua la kusema, na lilikuwa fupi: ni mimi niliyepaka. Lakini wodi yote ilikuwa ikimtazama, na wanawake wawili walikuwa wa kanisani kwake.

"Nilimkataza," akasema.