Koti la Baba Ofisini

Kwetu kijijini, mtu akienda mjini anavaa. Tena anavaa haswa! Baba alitoa suti yake ya harusi, akaianika juani iishe harufu ya dawa ya nondo, akaipiga pasi mwenyewe kwa sababu mimi haniamini na pasi. Tai, kofia, viatu vya kung'aa. Mimi nikavalishwa gauni la sikukuu la mikono mirefu, na joto lote lile.

Safari yenyewe ilikuwa ya kuniamulia maisha. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea ufundi umeme, chuo cha huko huko mjini anakofanya kazi kaka yangu, na baba alikuwa hajakubali. "Kwanza nikamwone kaka yako," alisema. "Mji ukiwa umemharibu, wewe hutoki hapa. Na ole wako umpigie simu!" Sikupiga. Nilijua kaka ni mtu wa ofisi, atakuwa na tai kama baba.

Lo! Mlango wa ofisi ukafunguliwa, na huyo hapo kaka yangu: kaptura, fulana yenye picha ya chura, ndala. Ndala, jamani! Mwenzake mmoja alikuwa peku kabisa, miguu juu ya kiti. Kazi yao ni kuchora lebo za chupa na maboksi, wateja hawawaoni, kila mtu anavaa anavyojisikia. Baba angeyajulia wapi hayo? Alisimama mlangoni kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa.

Kaka akaruka. "Shikamoo, baba!"

"Marahaba. Wamekufukuza kazi?"

"Hapana, baba. Hapa ndipo kazini kwangu."

"Na nguo zako ziko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Nilitamani niwarushie kiatu mmoja mmoja, nikianza na kaka. Bosi wao, mama mmoja wa makamo aliyevaa jinzi, alimsalimia baba kwa heshima zote, akamletea chai. Baba hakuigusa. Nikajua nimekwisha.

Kisha baba akafungua vifungo vya koti, taratibu, akalivua, akamwekea kaka mabegani. "Vaa, mwanangu. Usikae hivyo mbele za watu." Angesema kwa hasira ningevumilia. Alisema kwa huruma.

Sasa, kaka angeweza kucheka. Angeweza kusema, baba, huku mambo ni tofauti. Wapi! Aliingiza mikono, akafunga vifungo vyote, akarudi kwenye kompyuta yake: koti zito la sufu juu, kaptura na ndala chini.

Feni ilikuwa mbovu na chumba kilikuwa kinachemka. Wenzake wakaanza, "Bwana harusi! Bibi harusi umemwacha wapi?" Kaka akatabasamu, akaendelea kuchora. Jasho lilimtoka puani likadondokea mezani. Wa peku akamnong'oneza, "Vua kidogo, mzee anaangalia nje dirishani."

"Baba yangu ndiye aliyenivisha," kaka akajibu. "Nitalivua akiniambia."

Baba alisikia, maana hata mimi nilisikia. Hakugeuka. Alinyoosha mkono akachukua ile chai, ilishapoa zamani, akainywa yote.

Jioni kaka alitusindikiza hadi chini, akataka kurudisha koti. "Baki nalo," baba akasema, akatangulia na shati na tai yake. Tulipofika barabarani ndipo akaniambia: "Nilidhani mji umemvua kila kitu. Kumbe ni nguo tu. Utaenda chuo, na utakaa kwake." Nililia pale pale barabarani, kamasi zote kwenye gauni la sikukuu.

Leo mimi ni fundi umeme, nashinda kwenye ovaroli yenye vumbi. Ile feni niliitengeneza mimi. Koti bado linaning'inia nyuma ya kiti cha kaka, na baba akipiga simu ya video, kaka hulivaa haraka haraka juu ya fulana yake, akakaa wima. Ofisi nzima hunyamaza, na wa peku huzima redio.

"Umependeza, mwanangu," baba husema.

Nikiwa nimepita kuwasalimu hukaa pembeni, mahali ambapo naiona ile kaptura na baba haioni. Kila mara nasema moyoni: asante, kaka yangu, kwa joto la siku ile.